Lenzi Nafuu Isiyo na Zum kwa Potreti Kali: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kupima Chumba Hadi Kope Kuhesabika

Malalamiko ninayopokea ni yale yale. Mtu ana Canon 700D au Nikon D3200 na lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera. Anaambiwa akanunue "50 ya 1.8", yaani lenzi ya milimita 50 isiyo na zum, yenye tundu la mwanga linalofunguka hadi f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Anajinyima, anainunua, anampiga shangazi yake jioni barazani, kisha anaikuza picha kwenye kompyuta: ncha ya pua iko kali, macho yamefifia. Mwingine lenzi yake haifokasi kabisa. Mwingine amegundua kwamba chumba chake cha studio hakitoshi, na kila mteja akitaka picha ya kusimama anakatwa miguu.

Mara nyingi lenzi haina kosa. Ilichaguliwa kwa namba ya f peke yake, bila kuuliza mpiga picha atasimama mita ngapi kutoka kwa mtu anayempiga. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kamera uliyo nayo na mita ulizo nazo. Duka linakuja baadaye.

Fuata hatua kwa mpangilio. Ukiruka ya tatu, ya nne itakudanganya.

## Vitu vya kuandaa

- Kamera yako, betri iliyojaa na memori kadi yenye nafasi.
- Picha kama 100 za watu ulizopiga mwenyewe, zikiwa faili asili kutoka kwenye kadi. Zilizopitia WhatsApp hazifai, kwa sababu taarifa za lenzi huwa zimeshaondolewa.
- Futi kamba ya fundi.
- Selotepu.
- Simu yenye tochi.
- Ukurasa mzima wa gazeti na chupa tatu za soda zenye lebo.
- Tripodi. Kama huna, meza imara na rundo la vitabu vinatosha.
- Kompyuta ya kukuzia picha. Skrini ndogo ya kamera huonyesha kila kitu kizuri.
- Mtu mmoja mvumilivu wa kukaa dirishani nusu saa.

## Hatua ya 1: Ijue kamera yako kabla ya kuijua lenzi

Kuna mambo matatu ya kuandika kwenye karatasi: aina ya kiungio pale lenzi inapofungwa, ukubwa wa kihisi (kile kibati cha ndani kinachopokea picha), na kama mwili wa kamera una mota ya kufokasi.

Canon za kioo, yaani DSLR, zenye kioo ndani kinachopeleka picha kwenye dirisha la kuchungulia. Angalia alama kwenye kiungio. Kamera yenye doti nyekundu na mraba mweupe, kama 600D, 700D au 1300D, inapokea lenzi za EF na za EF-S. Yenye doti nyekundu tu, kama 6D au 5D, ni fulfremu, yaani ina kihisi kikubwa, na inapokea EF pekee. Canon mpya za R zina kiungio cha RF, lakini kwa adapta ya Canon yenyewe lenzi za EF hufanya kazi pamoja na otofokasi yake.

Nikon. Za kioo zina kiungio cha F, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kamera za familia ya D3000 na D5000, yaani D3100 hadi D3500 na D5100 hadi D5600, hazina mota ndani ya mwili. Lenzi yenye maandishi "AF 50mm f/1.8D" itaingia, itapiga picha, lakini haitafokasi yenyewe hata mara moja. Unayoitaka ina maandishi AF-S, maana mota iko ndani ya lenzi. Wenye D90, D7000, D7100, D7200, D610 au D750 wako huru, kwa sababu miili hiyo ina mota. Wenye Nikon Z wanaotumia adapta ya FTZ watafute AF-S pia.

Sony na Fujifilm. Kwenye Sony, lenzi za E na FE zote zinaingia kwenye kamera ndogo za familia ya A6000. Fujifilm X inatumia zake, za XF na XC.

Sasa ukubwa wa kihisi. Kamera nyingi za bei ya kawaida zina kihisi kidogo kuliko fulfremu. Kwenye Canon, milimita za lenzi zidisha kwa 1.6, kwenye Nikon DX (za kihisi kidogo), Sony ndogo na Fujifilm X, zidisha kwa 1.5. Lenzi ya 50 kwenye 700D inaona eneo ambalo lenzi ya 80 ingeliona kwenye fulfremu. Lenzi yenyewe haibadiliki. Kihisi kinakata kipande cha katikati tu, na kipande hicho ndicho picha yako.

Umefanikiwa ukiwa na mstari mmoja kwenye karatasi, kwa mfano: "Nikon F, kihisi kidogo 1.5, mwili hauna mota."

## Hatua ya 2: Ziulize picha zako

Fungua picha zako 100 kwenye kompyuta. Bofya kulia, ingia kwenye sifa za faili, tafuta urefu wa fokasi, yaani milimita za lenzi. Andika namba kwa kila picha uliyoipenda. Zile za kutupa ziache.

Utaona mrundikano. Kama nyingi ziko kwenye 50 na 55, jicho lako linapenda kusogeza uso karibu, na 50 itakufaa. Zikiwa kwenye 30 hadi 38, wewe unapiga watu wakiwa na mahali walipo: fundi na cherehani yake, bibi na mlango wa nyumba. Wewe 50 itakukera.

Halafu fanya jaribio la selotepu. Weka zum ya 18-55 kwenye 50, ifunge kwa selotepu isizunguke, upige watu siku nzima. Kesho yake fanya vivyo hivyo kwenye 35. Halina gharama, na litakuambia mambo ambayo video za mapitio haziwezi kukuambia: ni mara ngapi ulirudi nyuma ukagonga ukuta, na ni mara ngapi ulimsogelea mtu mpaka akarudisha kichwa.

## Hatua ya 3: Pima chumba kwa futi kamba

Hii ndiyo hatua ninayoomba usiiruke.

Umbali unaamua mambo mawili. La kwanza ni kama mtu ataenea kwenye picha. La pili ni sura yake itakavyoonekana. Ukiwa chini ya mita moja kutoka usoni, pua iko karibu na kamera kuliko masikio kwa kiwango kinachoonekana, nayo inavimba. Ukiwa mita moja na nusu au mbili, uso unatulia. Lenzi haina nguvu juu ya hilo. Ni pale ulipoweka miguu. Ila lenzi ndiyo inayokulazimisha usimame pale.

Hizi ni namba za kamera yenye kihisi kidogo, ikiwa imesimamishwa wima. Nimezikadiria kwa ukubwa wa kihisi cha Canon. Kwenye Nikon na Sony utasogea mbele kidogo tu.

- Lenzi ya 35: kichwa na mabega, sentimita 90 hivi. Kiuno kwenda juu, mita 1.6. Mtu mzima amesimama, mita 3.1.
- Lenzi ya 50: kichwa na mabega, mita 1.4. Kiuno kwenda juu, mita 2.3. Amesimama, mita 4.5.
- Lenzi ya 85: kichwa na mabega, mita 2.3. Kiuno kwenda juu, mita 3.8. Amesimama, mita 7.6.

Kwenye fulfremu mambo yanasogea: 50 inamwenea mtu aliyesimama kwa mita 2.8, lakini kwa kichwa na mabega inakuleta kwenye sentimita 80 na pua inavimba. Ndiyo maana wenye 6D na 5D wanaipenda 85. Kwao inatoa kichwa na mabega kwa mita 1.4, sawa na 50 kwenye 700D.

Kwenye umbali huo ongeza nafasi mbili. Mtu asimame angalau mita moja kutoka ukutani ili kivuli chake kisilale juu ya pazia la nyuma, na wewe mwenyewe unahitaji nusu mita ya kusimama. Kwa hiyo picha ya kusimama kwa 50 inadai chumba cha mita 6. Fremu nyingi za maduka zinazogeuzwa studio hazifiki hapo. Kama chumba chako ni mita 5, 35 ndiyo lenzi yako ya kazi, nayo 50 itabaki ya sura na kiuno.

Onyo: usinunue 85 kwa ajili ya kihisi kidogo na chumba kidogo kwa sababu umeona potreti zake zilizopigwa bustanini. Bustani ina mita 20.

Umefanikiwa ukiwa na namba mbili: urefu wa mahali unapopiga mara nyingi, na aina ya picha wateja wanayoiomba zaidi.

## Hatua ya 4: Chagua, kisha acha kuperuzi

Sababu ya kuiacha 18-55 ni mwanga. Lenzi hiyo ukiivuta hadi 55 haiwezi kufungua tundu lake zaidi ya f/5.6. Ukifungua hadi f/2.8 unapata mwanga mara nne; ukifika f/1.8, karibu mara kumi. Sebule iliyokulazimisha ISO 3200 (ISO ni wepesi wa kamera kwa mwanga; ikipanda, picha inajaa chengachenga) sasa inapigika kwa ISO 800 ukiwa kwenye f/2.8. Chengachenga zinapungua, na ngozi inarudi na vinyweleo vyake. Kwa macho yangu, sehemu kubwa ya ule ukali unaosifiwa wa lenzi zisizo na zum inatoka hapo.

Canon yenye kihisi kidogo: EF 50mm f/1.8 STM, bila kusita, kama mita zinaruhusu. Ilitoka mwaka 2015 ikitangazwa Marekani kwa dola 125. Ina kiungio cha chuma, majani saba (vibati vinavyofunga tundu), na inafokasi kuanzia sentimita 35. Mtangulizi wake, 50mm f/1.8 II wa mwaka 1990, bado amejaa kwenye soko la mitumba: kiungio cha plastiki, majani matano, mota yenye kelele. Vioo vyake vinatoa picha nzuri, lakini mwili wake hauvumilii kuanguka. Uchukue tu ikiwa tofauti ya bei ni kubwa kweli.

Nikon yenye kihisi kidogo: AF-S DX 35mm f/1.8G kwa chumba kidogo na kazi mchanganyiko, AF-S 50mm f/1.8G kwa sura. Mtu anayepiga sherehe nyumbani kwa watu ningemshauri aanze na 35.

Canon R: RF 50mm f/1.8 STM. Sony ndogo: E 50mm f/1.8 OSS, ambayo ina kitulizi cha mtikisiko, msaada mkubwa kwa mikono isiyotulia. Fujifilm: XC 35mm f/2, yenye vioo sawa na vya XF 35mm f/2 ndani ya mwili wa bei ya chini.

Fulfremu: EF 85mm f/1.8 USM kwa Canon, ya tangu 1992 na hadi leo haimwangushi mtu; AF-S 85mm f/1.8G kwa Nikon.

Yongnuo hutengeneza 50 na 85 za bei ya chini zaidi. Zinafanya kazi. Ila fokasi yake isiyoaminika ndiyo hasa tatizo unalotaka kulikimbia, kwa hiyo mimi ningesubiri mwezi mmoja zaidi nikaongezea pesa.

Na f/1.4? Kutoka f/1.8 hadi f/1.4 unapata theluthi mbili tu za stopu moja (stopu moja ni mwanga mara mbili), kwa bei inayopanda sana. Pesa hiyo nunua taa na mwavuli wake.

## Hatua ya 5: Ikague dukani, hasa ikiwa imetumika

Iwe ni Kariakoo, Luthuli Avenue au kwa mtu aliyeiweka mtandaoni, nenda na kamera yako, mchana. Muuzaji mwema hatachukia dakika kumi.

Tochi. Ondoa vifuniko vyote viwili. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kwa nyuma lakini kwa upande, usiimulike moja kwa moja, kisha chungulia kwa mbele huku ukiigeuzageuza taratibu.

Kariakoo niliwahi kuwekewa mezani 50 iliyotumika, kioo cha mbele kinang'aa. Muuzaji akaniambia, "Dada, hii ilikaa kwenye begi tu, haijafika harusi kumi." Machoni ilikuwa mpya. Tochi ilipoingia kwa upande, ukingoni mwa kioo cha ndani zikaonekana nyuzi nyeupe nyembamba, zimetawanyika kama mizizi ya mche wa mchicha. Ni fangasi. Nikamwonyesha, naye akashangaa. Nadhani hakuwahi kuimulika. Nikairudisha. Fangasi ikikaa muda mrefu hula mipako ya kioo, na hata fundi akiisafisha alama inabaki. Vumbi kidogo halina shida, mkwaruzo mmoja mwembamba mbele hauna shida. Nyuzi, au ukungu unaofanya tochi ing'ae kama taa ya gari usiku wa mvua, ni sababu ya kuondoka.

Tundu. Lenzi za Nikon za herufi G zina kijiti kidogo nyuma. Kisukume kwa kidole: tundu linafunguka. Kiachie: lijifunge papo hapo. Likisinzia, kuna mafuta kwenye majani yake. Kwa Canon, ifunge kwenye kamera, weka f/16, na upige picha tano mfululizo. Zote ziwe na mwanga sawa. Kama moja imeungua na nyingine iko sawa, tundu linakwama.

Mwili. Skrubu za kiungio ziwe na vichwa safi. Vilivyochubuka maana yake imeshafunguliwa. Pini za umeme ziwe safi. Itikise taratibu karibu na sikio. Kwenye 50 ya Canon au Nikon kishindo cha kitu kilicholegea si cha kawaida. Tazama ukingo wa mbele kama umebonyea, kwani 50 nyingi huharibika kwa kugongwa mbele.

Gazeti. Bandika ukurasa ukutani, simama sambamba nao, piga kwa f/2.8, ukuze. Kona nne zififie kwa kiasi kinachofanana. Kona moja ikiwa ovyo huku tatu ziko sawa, kioo kimehama mahali pake. Rudia mara mbili kabla ya kuilaumu lenzi, maana hata wewe ukisimama upande kidogo matokeo ni hayo hayo.

Jina. Soma pete ya mbele herufi kwa herufi. "STM" iandikwe STM, "AF-S" iandikwe AF-S. Kuna lenzi za kampuni nyingine zinazofanana sana kwa umbo na 50 ya zamani ya Canon.

Kabla ya kulipa, kubalianeni kwa maandishi siku za kubadilisha. Hata tatu zinatosha kwa hatua inayofuata.

## Hatua ya 6: Jaribio la chupa tatu

Kwenye kamera za kioo, fokasi ya dirishani, yaani unapochungulia kwa jicho kwenye dirisha dogo la kamera, hutumia kifaa tofauti na kihisi cha picha. Vitu hivi viwili visipokubaliana, kila picha inatoka kali mbele au nyuma ya jicho. Wengi hulaumu lenzi na kuiuza kwa hasara.

Panga chupa tatu za soda mezani kwa mshazari, kila moja nyuma ya mwenzake kwa sentimita 5, lebo zikitazama kamera. Weka kamera kwenye tripodi, mita 1.5 kutoka chupa ya kati, usawa wa lebo. Weka f/1.8 na nukta moja ya fokasi ya katikati, juu ya lebo ya chupa ya kati.

Piga mara tano ukichungulia dirishani. Kabla ya kila pigo vuruga fokasi, kamera ianze upya. Kisha washa skrini ya nyuma, fokasi kupitia hiyo, upige nyingine tano.

Kwa 50 kwenye kihisi kidogo, sehemu kali kwa umbali huu ni sentimita 6 tu, tatu mbele na tatu nyuma. Kwa hiyo chupa ya kati iwe kali, na zile mbili zilegee kwa kiasi kinachokaribiana.

- Zote kumi ziko kali katikati: lenzi ni yako.
- Za skrini ni kali, za dirishani daima zinaangukia chupa ya mbele (au daima ya nyuma): lenzi ni nzima, mpangilio wa fokasi umepishana. Kamera kama Canon 70D, 7D na 6D, au Nikon D7000, D7100 na D7200, zina menyu ya kurekebisha hilo kwa kila lenzi. Canon 600D na 700D, pamoja na Nikon za D3000 na D5000, hazina. Wenye hizo wabadilishe lenzi dukani, au wapige kwa skrini.
- Moja mbele, moja nyuma, moja katikati: rudia mahali penye mwanga zaidi. Ikiendelea, irudishe.
- Hakuna iliyo kali hata kwa skrini: irudishe leo.

Wenye kamera zisizo na kioo hawana tatizo la kupishana huku, kwa sababu kihisi chenyewe ndicho kinachofokasi.

## Hatua ya 7: Potreti ya kwanza

Mkalishe mtu wako mita moja kutoka dirishani, mwanga ukimwingia kwa upande, jua lisimpige moja kwa moja. Zima taa za ndani, maana rangi yake itagombana na ya dirisha. Nyuma yake paachwe mita mbili au zaidi kama zipo.

Tundu: f/2.8. Najua umenunua 1.8 na unataka kuitumia. Lakini kwa mita 1.5 f/1.8 inakupa zile sentimita 6, na kwa mita moja haizidi 3. Kutoka ncha ya pua hadi sikioni ni zaidi ya sentimita 10. Mtu akigeuza kichwa kidogo, jicho moja liko ndani na moja liko nje. F/2.8 inakupa karibu sentimita 10, f/4 kama 14. Isitoshe, lenzi nyingi za bei hii hulainika kidogo zikiwa wazi kabisa, na penye weupe unaokutana na weusi, kama ukingo wa kanzu mbele ya mlango wenye giza, huonekana uzi wa zambarau. Ukifunga hadi f/2.8 unapungua sana. Kwa watu wawili waliosimama bega kwa bega anzia f/4.

Kasi ya shata: 1/250. Mtu aliyekaa anapumua, anayumba, na wewe pia. Chini ya 1/125 usiende bila sababu.

ISO: ipande inavyohitaji. ISO 1600 yenye jicho kali inashinda ISO 100 iliyotikisika.

Fokasi: nukta moja, uichague wewe. Isogeze ikae juu ya jicho lililo karibu na kamera. Usifokasi kwa nukta ya katikati kisha uzungushe kamera kupanga picha. Kule kuzungusha kunasogeza ule ukali nyuma ya jicho, na kwenye f/1.8 sentimita mbili tu zinakugharimu. Kamera isiyo na kioo yenye kutambua macho iachie kazi hiyo.

Mwanga wa uso: hapa ngozi zetu zinaonewa mara nyingi. Kamera inajaribu kuifanya picha nzima iwe ya kijivu cha kati. Bibi harusi mweusi ndani ya gauni jeupe, mbele ya ukuta mweupe: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, uso unazama. Ukiuinua baadaye kwenye programu, chengachenga zinajaa pale pale kwenye mashavu, na ukali ulioununua umekwenda. Ongeza mwanga kwa kitufe cha +/- hadi +2/3 au +1 tangu wakati wa kupiga, angalia uso kwanza, kisha hakikisha darizi za gauni bado zinaonekana.

Piga kumi. Kati ya hizo tatu au nne zitakuwa na tatizo dogo la fokasi. Hiyo ni kawaida hata kwa waliozoea.

Umefanikiwa ukifungua picha kwenye kompyuta, ukaikuza hadi asilimia 100, na kwenye jicho la karibu ukaweza kuhesabu kope moja moja na kuona dirisha dogo limeakisiwa juu ya mboni, vyuma vyake vikiwa vimenyooka. Sikio liwe limelainika. Nywele za kisogoni ziwe zimeyeyuka kwenye mandharinyuma.

## Bado haijawa kali?

Tazama picha, usiibahatishe.

Kama kola ya shati au nywele ni kali na jicho halipo, ni fokasi: rudi kwenye nukta moja. Kama hakuna kitu kikali na vidoti vya mwanga vimekuwa vistari, ni mtikisiko: pandisha shata. Kama kila kitu kina weupe kama moshi, taa au jua linaingia mbele ya lenzi, au umefunga filta ya bei ya chini. Ivue filta, vaa kikinga jua, piga tena. Kama picha ni kali lakini ina punje, mwanga haukutosha, sogea dirishani. Na kabla ya yote futa kioo cha mbele. Alama ya kidole katikati ya 50 inatosha kulainisha uso mzima, nayo huioni mpaka uiinamishe kwenye mwanga.

## Kuitunza, hasa kwa walio pwani

Dar, Tanga, Mombasa, Unguja: hewa yenyewe ni chakula cha fangasi. Begi la kitambaa kabatini ni mahali pabaya kuliko pote, kwa kuwa linashika unyevu na giza pamoja.

Nunua boksi la plastiki la kuwekea chakula, lenye mfuniko wa mpira unaobana. Weka lenzi na vipakiti vya silika, vile vya kutoka kwenye viatu vipya ni vya kuanzia tu kwa sababu vingi vimeshachoka. Silika ya punje zinazobadilika rangi ni bora, kwani inakuambia yenyewe ikijaa maji, na ukiipasha moto mdogo inakauka na kutumika tena. Kipimo cha unyevu cha bei ndogo ndani ya boksi kinasaidia. Kisome kati ya asilimia 40 na 50.

Ukitoka ukumbi wenye kiyoyozi kwenda nje, kioo baridi hutokwa jasho ndani na nje. Funga begi kabla ya kutoka, uliache dakika 20 hadi 30 lipate joto ndipo ulifungue. Kwa harusi ya Unguja yenye ukumbi ndani na picha za bustanini nje, upange muda huo kwenye ratiba na mwambie bibi harusi mapema.

Kwa wenye Canon STM: kabla ya kuzima kamera, fokasi kitu cha mbali ili ile bomba ya mbele irudi ndani. Ikiachwa nje, kugongwa kidogo ndani ya begi kunaangukia moja kwa moja kwenye gia za mota.